Picha za watoto ukumbini zimeharibika? Zisome kabla ya kulaumu kamera

Mara ya kwanza nilipopiga picha mechi ya mpira wa kikapu ya watoto wa chini ya miaka 14, nilirudi nyumbani na picha 412. Zilizofaa zilikuwa 9. Ulikuwa ukumbi wa shule, Dar es Salaam, jioni. Nilikuwa na kamera ya bei nafuu, lenzi iliyokuja nayo ndani ya boksi, na gurudumu la modi limekaa kwenye Auto, kamera ijipangie yenyewe. Kwenye skrini ndogo ya kamera kila kitu kilionekana safi. Kwenye kompyuta watoto walikuwa moshi uliovaa jezi.

Niliilaumu kamera wiki nzima. Mzee mmoja anayepiga picha za harusi ndiye aliyenizuia nisizifute zile 403. Alikaa nami, akafungua moja baada ya nyingine, na kila picha akaitajia ugonjwa wake bila kuuliza nilitumia kamera gani. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya. Kabla sijagusa kitufe, naikuza picha mbovu hadi nione kamba za viatu, kisha naangalia vitu vitatu: mistari ya sakafu, watu waliokaa benchi, na mtoto mwenyewe.

Mistari, benchi na mtoto vyote vikiwa vimevutwa kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Mistari ikiwa kali, yaani inaonekana wazi, na benchi kali, ila mtoto kaacha mkia, shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ilikuwa ya polepole. Benchi la nyuma likiwa kali kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati la kocha, na mtoto laini bila mkia wowote, fokasi, yaani pale kamera inapopachagua pawe kali, ilikwenda pasipotakiwa. Na kama kila kitu ni laini, hakuna upande kilikovutwa wala mahali palipo kali, angalia kioo cha lenzi kwanza. Huku pwani jambo hili hutokea kuliko watu wanavyodhani: unashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, unaingia kwenye ukumbi wenye joto na unyevu, kioo kinapata ukungu papo hapo. Usikifute kwa fulana. Acha kamera ndani ya begi lake dakika kumi na tano ipate joto la mahali, ndipo uitoe.

Sakafu ni kali, mtoto ni moshi

Hili ndilo tatizo la watu wengi. Tufanye hesabu. Mtoto anayekimbia na mpira kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, shata ikiwa 1/60 ya sekunde, anasogea zaidi ya sentimita 8 kabla shata haijafunga. Hiyo ni zaidi ya nusu ya upana wa uso wake. Shata ikiwa 1/500 anasogea sentimita 1 tu, na kwa picha ya mwili mzima sentimita hiyo haionekani.

Kwa mpira wa kikapu na mpira wa wavu, 1/500 ndiyo sakafu yangu. Sishuki chini yake ila kwa shida. Watoto wa miaka saba au nane, wale wanaoufuata mpira wote kumi kama vifaranga, unaweza kuwapiga kwa 1/320. Taekwondo, karate na mpira wa meza ni habari nyingine. Mguu wa teke ukienda mita 10 kwa sekunde, hata 1/500 inauachia mkia wa sentimita 2. Hapo nenda 1/1000 kama ukumbi unaruhusu.

Na ukumbi hauruhusu kirahisi. Ukitoka 1/60 kwenda 1/500, sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inapata takriban sehemu moja ya nane ya mwanga iliokuwa ikipata. Ile sehemu iliyopungua lazima uifidie kwingine, na mahali ni pawili tu: tundu la lenzi, linaloandikwa kwa f (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), au ISO, yaani kiasi kamera inavyoukuza mwanga ulioingia. Ndiyo maana Auto ilinidanganya. Iliona giza, ikaamua kulipia kwa kupunguza kasi ya shata, kwa sababu haijui kwamba mbele yake kuna watoto wanaokimbia. Ingekuwa kikao cha bodi, ingekuwa imefanya sawasawa.

Katika kumbi nyingi za shule nilizoingia, f/2.8 na 1/500 na ISO 3200 huwa karibu na ukweli. Sasa chukua lenzi ya boksi, ile 18-55mm. Ukivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na f/5.6 inapitisha robo ya mwanga wa f/2.8. Kwa hiyo ukumbi uleule, shata ileile, ISO inaruka hadi 12800. Chukua lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, ISO inashuka hadi 1250 hivi. Ni kamera ileile, mtoto yuleyule. Anayeniuliza abadilishe kamera au anunue lenzi namjibu lenzi, tena hii ya bei ndogo kuliko zote.

Tahadhari moja kwa wanaonunua mtumba. Kamera ndogo za Nikon, kama D3500, hazina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D itaingia vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono mechi nzima. Unayohitaji ni ile yenye herufi AF-S. Muuzaji atakuambia "inaingia, kaka," na hatakuwa amesema uongo.

Kama lenzi ya kununua haipo na mechi ni kesho, kuna njia ya kienyeji: piga pale mwili unaposimama hewani. Mtoto anayeruka kufunga hufika juu, akatulia kidogo, akaanza kushuka. Ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde kutoka kileleni anakuwa ameshuka sentimita 5 tu. Kwa wakati huo 1/250 inatosha, na hata 1/200 nimewahi kuponea. Mikono itaacha mkia kidogo, uso utatulia. Vivyo hivyo kwenye adhabu za kutupa kikapuni: mtoto amesimama, anaupigapiga mpira mara tatu, anapumua, anainua macho. Nyuso nzuri kuliko zote za mechi huwa hapo.

Chenga zimejaa kama televisheni ya zamani

Mtu akiona chenga, yale madoadoa madogo yaliyotapakaa pichani, mkono wake wa kwanza unakwenda kushusha ISO. Mara nyingi hilo linaongeza chenga.

Jaribu mwenyewe. Piga picha ya mtoto kwa ISO 6400 ikiwa na mwanga wa kutosha, kisha nyingine kwa ISO 1600 bila kubadilisha shata wala tundu. Ya pili itatoka nyeusi. Sasa ifungue kwenye kompyuta uiongezee mwanga hadi ilingane na ya kwanza. Vivulini, kwenye nywele, chini ya kidevu, utakuta chenga zilezile, na kwa kamera nyingi za bei nafuu mbaya zaidi, pamoja na mabaka ya zambarau. Chenga zinatokana na mwanga kidogo uliofika kwenye sensa. Namba ya ISO inazionyesha tu, na ukiipandisha ndani ya kamera ni nafuu kuliko kuivuta picha nyeusi baadaye.

Kwa hiyo ukiona chenga, uliza kwanza kama picha ilikuwa nyeusi. Kama ilikuwa nyeusi, pandisha ISO hatua moja, yaani mara mbili, bila woga. Kama haikuwa nyeusi, angalia tundu: je, lenzi ya f/1.8 uliiacha kwenye f/4 kwa kusahau? Vyote vikiwa sawa, basi hicho ndicho ukumbi ulichokupa, zipunguze kwenye programu ya kuhariri uendelee na maisha. Mimi nachagua chenga kuliko moshi kila siku. Picha yenye chenga ya mtoto akifunga kikapu chake cha kwanza mama yake ataiweka ukutani. Yenye moshi hata hatajua kama ni wake.

Jambo dogo linalopita kimyakimya: ukikata picha kwa nguvu kwenye kompyuta, chenga unazikuza pamoja na mtoto. Sogea karibu.

Kocha ni mkali, mchezaji ni laini

Kwenye kamera za vioo (DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kuchungulia) za bei ya chini, kama Canon EOS 4000D au 2000D, kuna nukta 9 za fokasi, na ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko wenzake. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itakamata kile kilicho karibu au chenye mistari iliyo wazi. Ukumbini hicho huwa wavu, ubao wa kikapu, au bango la mdhamini. Chagua nukta ya katikati, iweke kifuani mwa mtoto pale zilipo namba za jezi, ufuate naye. Namba ni kitu rahisi kwa fokasi kushika. Uso unaogeuka huku na huku katika mwanga hafifu ni mgumu kwa kamera hizi.

Kisha hakikisha fokasi iko kwenye hali ya kufuatilia: AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony. Katika hali ya kawaida kamera inashika fokasi mara moja na kuifunga hapo. Mtoto akisogea hatua mbili, umebaki na sakafu aliyoiacha. Na kwenye kamera za vioo usipige kwa kutazama skrini, weka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Kwa nyingi za bei ya chini, fokasi ya skrini hujikokota.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hii lakini si kosa la fokasi. Lenzi ya 85mm ikiwa f/1.8, kwenye kamera ya sensa kubwa, mtoto akiwa mita 5, eneo lililo kali mbele na nyuma halizidi sana sentimita 35. Watoto wawili wanaogombea mpira hawaingii hapo wote. Funga tundu hadi f/2.2 au f/2.5, ukubali ISO ipande kidogo. Mimi f/1.8 kabisa naitumia ukumbi ukiwa pango tu.

Wenye kamera mpya zinazotambua nyuso na macho, hongereni, lakini nanyi angalieni: refa naye ana uso, na amesimama katikati ya picha yenu.

Picha moja ina mwanga, inayofuata nyeusi, na hujagusa kitu

Umeweka M, hali ya kupanga kila kitu mwenyewe, umefunga ISO, umefunga shata. Unabonyeza mfululizo, picha tatu. Ya kwanza nzuri, ya pili imefifia na imeingia rangi ya kahawia, ya tatu nusu juu ina mwanga na nusu chini haina. Wengi hudhani shata ya kamera imekufa. Nilishawahi kuipeleka yangu kwa fundi kwa ajili ya hili. Fundi aliipiga dukani kwake, mchana, karibu na mlango, ikatoa picha nzuri zote, akanirudishia bila kunitoza hata shilingi. Bado namheshimu.

Ni taa. Umeme wa gridi Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani zetu ni wa hezi 50. Taa za mirija za zamani, zile taa kubwa za darini zinazochukua dakika kadhaa kuwaka vizuri, na LED nyingi za bei rahisi, hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde, mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Jicho halioni. Shata ya 1/100 nayo haioni, kwa sababu inakusanya mzunguko mzima wa kung'aa na kufifia. Lakini shata ya 1/500 inachukua moja ya tano tu ya mzunguko huo. Picha moja inaangukia kwenye kilele, nyingine kwenye bonde. Na kwa kuwa baadhi ya taa hubadilika rangi zinapofifia, ndiyo maana ile nyeusi ilikuwa ya kahawia pia.

Uhakikishe namna hii: washa kamera ya simu, weka kwenye video ya mwendo wa polepole, ielekeze kwenye taa. Ukiona taa inapepesa au mistari ya giza inatembea kwenye skrini, umempata mkosaji.

Dawa yake inategemea kamera uliyonayo. Canon walianza kuweka uwezo wa kusubiri kilele cha mwanga kwenye EOS 7D Mark II, mwaka 2014, na sasa uko kwenye kamera nyingi za daraja la kati na juu. Kwenye menyu hutajwa kama Anti-flicker. Ukiuwasha, kamera inachelewa sehemu ndogo mno ya sekunde ili ipige taa zikiwa juu, na mfululizo unapungua kasi kidogo. Uwashe na usahau. Usiuchanganye na kile kipengele cha hezi 50 au 60 kilichomo kwenye kamera ndogo za Nikon, ambacho kazi yake ni skrini na video, na kwa picha zako hakifanyi chochote.

Kama kamera haina, piga picha tatu au nne za kila tukio na upange mwanga kwa zile za katikati, ukijua kwamba baadhi zitakwenda na maji. Picha ya timu, benchi, kocha akichora mbinu, na watazamaji, zipige kwa 1/100 au 1/50, zitalingana zote. Aliye Saudia ahesabu upya: huko umeme ni hezi 60, taa hupepesa mara 120, kwa hiyo 1/125 na 1/60 ndizo salama. Oman ni 50 kama kwetu.

Halafu kuna mistari ya kulala, myembamba, mingi, kama pajama. Hiyo ni shata ya kimya, yaani ya kielektroniki. Kwenye kamera za kawaida sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na wakati inasomwa taa zimeshapepesa mara kadhaa. Izime, urudi kwenye shata ya mitambo. Utajua pia ni yenyewe ukiona mpira umekuwa yai na kibao cha mpira wa meza kimepinda kama mkeka.

Umeme ukikatika katikati ya mechi ikawashwa jenereta, usishangae mambo yakibadilika. Zile taa kubwa za darini zikizimika haziwaki papo hapo. Hupoa kwanza, zikapanda taratibu. Piga picha ya majaribio kila dakika mbili hadi zitulie, na usiache mpangilio wa kipindi cha giza ukaingia nao kwenye robo ya tatu.

Jezi zinang'aa, nyuso hazionekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wanaopiga watoto wengine kwenye kumbi nyingine.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui uso. Kinatazama picha nzima na kujaribu kuifanya iwe kijivu cha wastani. Ukiwapiga picha watoto wa taekwondo waliovaa nguo nyeupe, wamejaa fremu nzima, kitaona weupe mwingi, kitasema mwanga umezidi, kitapunguza. Nguo zinatoka kijivu, na sura za watoto wetu weusi zinabaki macho na meno. Wavalishe watoto walewale jezi za buluu nzito, mbele ya ukuta wenye giza, kipimo kitaongeza, na sura zitatoka vizuri kwa bahati tu. Ndiyo maana timu ya nyumbani inaonekana na wageni hawaonekani, katika mechi moja, dakika ileile.

Kwa hiyo kwenye ukumbi uliofungwa, mwanga haubadiliki kwa mavazi ya mtu. Weka modi M, ufunge vyote vitatu: shata, tundu, na ISO iliyowekwa kwa mkono. ISO ya otomatiki ndani ya M ni msaada mzuri mahali mwanga unapobadilika, lakini nayo inasoma kipimo kilekile, kwa hiyo nguo nyeupe zitaidanganya vilevile. Wakati wa kupasha misuli, chagua mtoto mmoja aliyesimama katikati ya uwanja, piga uso wake, kuza, angalia. Pandisha ISO hadi ngozi ionyeshe umbo: shavu, paji, mstari wa taya. Kisha angalia jezi nyeupe. Zikiwa zimeungua kidogo begani, sijali. Zikiungua hadi namba imepotea, shuka theluthi moja ya hatua. Uso kwanza, kitambaa baadaye.

Piga pia chini ya kikapu na kwenye kona. Kumbi nyingi zimepangwa taa katikati, na kona huwa na nusu ya mwanga wa katikati. Kama mechi nyingi utazipigia chini ya kikapu, ndipo pa kupimia.

Kisha yale majengo yetu tunayoyaita ya ndani lakini ni paa na nguzo: mabati juu, ubavu wazi, katikati ya paa karatasi chache za plastiki zinazopitisha jua. Hapo mtoto akiwa upande mmoja nyuma yake ni barabara yenye jua kali, na hakuna kamera itakayomwokoa. Hamia upande ule mwanga unapoingilia, ukae mgongo kwa uwazi, upige kuelekea ukuta au miti yenye kivuli. Hapo ndipo ISO ya otomatiki inalipa, ukiiongezea fidia ya mwanga ya +0.7 hadi +1 kama kamera yako inakubali. Na usisahau saa: Dar es Salaam jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima kwa tofauti ndogo, na giza letu halipigi hodi. Mechi iliyoanza saa kumi na moja kwa ISO 800 inaisha kwa ISO 6400.

Watoto wana rangi ya embe

WB ya otomatiki, yaani mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ili cheupe kitoke cheupe, hupotea ukumbini, hasa sakafu ikiwa ya mbao au kuta za rangi. Beba karatasi nyeupe ya A4. Isimamishe katikati ya uwanja chini ya taa zilezile, ipige kwa 1/50 ili taa zinazopepesa zisikuharibie kipimo, kisha iweke kama kielelezo kwenye menyu ya WB. Dakika moja. Wanaopiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, watarekebisha nyumbani, ila hata hao karatasi itawapunguzia usiku.

Madogo madogo

Picha inazidi kuwa nyeusi kadiri unavyovuta karibu: ni lenzi ya boksi, tundu lake linajifunga kutoka f/3.5 hadi f/5.6 unapovuta. Ipime ukiwa umeshavuta mwisho, au usivute.

Kamera inaganda katikati ya shambulio: kumbukumbu yake ya muda imejaa. Hama kutoka RAW kwenda JPEG, tumia kadi ya kasi, na acha kubonyeza kama cherehani. Kamera kama 4000D hupiga picha 3 kwa sekunde, na kati ya moja na nyingine mpira umeshatoka mkononi. Kwa kamera hiyo, picha moja uliyoisubiri inashinda tatu za kubahatisha.

Mtoto mkali ndani ya kivuli chake mwenyewe, kama pepo: umetumia flashi. Kamera nyingi za aina hii huifunga shata kwenye 1/200 ukiwasha flashi, kwa hiyo mwanga wa flashi unamgandisha mtoto na mwanga wa ukumbi unamvuta mkia. Ile ya juu ya kamera haifiki mbali zaidi ya mita chache. Na mtoto anayeruka kupokea mpira akipigwa mwanga wa macho anaweza kuumia. Bila ruhusa ya refa na kocha, iache izimwe.

Unapiga kwa simu na mtoto ana mikono minne: simu imeunganisha picha kadhaa kuwa moja. Zima hali ya usiku, tumia kamera kuu bila kukuza, sogea hadi karibu na mstari pale wanapokuruhusu, na kama kuna hali ya Pro weka 1/250 au zaidi. Subiri kilele cha kuruka, kama nilivyosema.

Picha ni kali, mwanga mzuri, lakini zote ni migongo: umekaa upande usio wako. Kaa nyuma ya mstari wa mwisho, upande wa kikapu ambacho timu yako inakishambulia, upige goti kamera ifikie macho ya watoto. Nusu ya pili timu hubadilishana vikapu. Nimewahi kusahau hilo, nikapiga robo mbili nzima za migongo ya watoto niliolipwa kuwapiga.

Kwangu ilikuwa kali, kwa mzazi imefifia

WhatsApp imeibana. Itume kwa HD, kitufe kilichokuja mwaka 2023, au kama faili la hati. Kabla ya hapo ulizia kwa kocha wazazi gani hawataki sura za watoto wao zisambae, na uzitoe hizo kwanza. Nyingine zikishafika, mama mmoja atachukua ile uliyoionea aibu, ya ISO 12800, na kuifanya picha yake ya wasifu. Kwenye kile kiduara kidogo kama kifungo cha shati, hakuna chenga hata moja.